Ukikutana na neno “interest”: hatua za kujua kama ni riba, maslahi, shauku au haki yako

Dar es Salaam tunaongea Kiswahili na kusaini Kiingereza. Unapatana na afisa mikopo kwa Kiswahili kuanzia salamu mpaka dhamana, halafu unaletewa fomu yenye kurasa kadhaa za Kiingereza na kuonyeshwa mstari wa kusaini. Ndivyo ilivyo pia kwenye mikataba mingi ya upangishaji maofisini Posta, bima za magari, tangazo la zabuni, hata barua ya kuitwa kwenye usaili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jambo kubwa, lakini karatasi nyingi za fedha na biashara bado zinatujia kwa Kiingereza.

Katika karatasi hizo nimelichagua neno moja tu, “interest”, kwa sababu ndilo linaloumiza watu kimyakimya. Si neno gumu. Kila aliyemaliza kidato cha nne analijua, na hapo ndipo hatari ilipo: analijua kwa maana moja, na maana nyingine tatu au nne zinampita. Hatua zinazofuata nimeziandika kwa ajili ya mtu mwenye Kiingereza cha shule ya kata na karatasi mkononi.

Hatua ya kwanza: weka pembeni maana uliyoizoea

Aliyelijua neno hili benki, kwake ni riba. Aliyelijua darasani kwenye “I am interested in football”, kwake ni kupenda. Wote wawili wako sahihi, lakini hakuna mwenye neno zima.

Shina lake ni la Kilatini, “interesse”, yaani kuwa kati ya vitu, kuhusika, kuguswa na jambo. Ulaya ya Zama za Kati, Kanisa lilikataza kutoza riba. Hata hivyo, mkopeshaji aliyecheleweshewa fedha zake aliweza kudai fidia ya hasara iliyompata, na fidia hiyo ndiyo iliyoitwa “interesse”. Polepole jina la fidia likawa jina la riba inayokubalika kisheria, na Uingereza ilipotunga sheria ya 1545 ikaruhusu kutoza hadi asilimia 10. Maana ya kuvutiwa na kitu, hii tuliyofundishwa kwanza shuleni, ilikuja baadaye kabisa, karne ya 18.

Kwa hiyo kila unapolikuta neno hili, jiulize swali moja: ni nini hapa kinachomgusa nani? Kama ni fedha ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, ni riba. Kama ni faida au ustawi wa mtu, ni maslahi. Kama ni mali ambayo mtu ana sehemu yake, ni haki au hisa. Kama ni moyo wake, ni shauku, hamu, mvuto. Na kama mtu anataka kuingia kwenye jambo, ni nia.

Hatua ya pili: tazama herufi ya mwisho na kineno kilichotangulia

Maana ya riba haihesabiki. Ni nadra kukuta “an interest” peke yake ikiwa riba, na “interests” yenye “s” karibu kila mara si riba. Mkataba ukisema “the lender's interests shall be protected”, hausemi riba za mkopeshaji. Unasema maslahi yake yatalindwa, na hapo ndipo wanapopenyeza ruhusa ya kuchukua dhamana yako mapema wakiona umeanza kuyumba. Kisome kipengele hicho mara mbili.

“Business interests” ni biashara na mali ambazo mtu ana mkono wake humo. “Interests” kwenye wasifu wa kuombea kazi ni mambo unayopenda kuyafanya. Ukiona “an interest in”, uko kati ya shauku na haki ya mali, na utaamua kwa kitu kilichofuata: “an interest in music” ni moyo, “an interest in the property” ni haki.

Hatua ya tatu: soma vineno vilivyolizunguka

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nakushauri ukae nayo.

“Interest on” ni riba: “interest on the loan”, riba ya mkopo, “interest on arrears”, riba juu ya malimbikizo. Hii haibabaishi.

“Interest in” tumeshaigusa. Ongeza tu kwamba sentensi kama “She has an interest in that company” inaweza kuwa na maana mbili halali: ana hisa katika kampuni ile, au inamvutia na anaifuatilia. Ikiwa kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi, ichukue kuwa ni hisa au maslahi. Mazungumzo ya kahawa, uliza.

“In the interest of” au “in the interests of” ni kwa maslahi ya, kwa ajili ya. “In the public interest” ni kwa maslahi ya umma, maneno ambayo hata Katiba yetu ya 1977 inayatumia kwa Kiswahili. “The best interests of the child” ni maslahi ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu.

“Of interest” ni yenye kuvutia au yenye kuhusika. Ila “person of interest” katika habari za polisi si mtu anayependwa. Ni mtu ambaye polisi wanataka kumhoji, na bado hajaitwa mtuhumiwa. Nimeona tafsiri zikimfanya mtu huyo mhalifu kabla hata hajafika kituoni, na hiyo ni dhuluma.

Gumu zaidi ni “with interest”. Linganisha hizi mbili:

“I read your letter with interest.”
“The deposit shall be refunded with interest.”

Ya kwanza ni adabu ya barua: nimeisoma barua yako kwa makini na imenigusa. Ya pili ni fedha: amana itarudishwa pamoja na riba yake. Kinachoamua ni kitenzi. Kusoma, kutazama, kusikiliza, kufuatilia, hivyo ni vya moyo. Kulipa, kurejesha, kudai, kurudisha, hivyo ni vya riba. Ukishinda kesi ya madai na hukumu ikasema ulipwe “with interest and costs”, maana yake ni riba na gharama za kesi. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinaweka riba hiyo kuwa asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu mpaka deni liishe, isipokuwa wahusika wamekubaliana kingine kisichozidi asilimia 12. Aliyeshindwa akikulipa kiasi cha hukumu peke yake baada ya miaka miwili, bado hajamaliza.

Hatua ya nne: ikiwa ni riba, usiishie kwenye tafsiri, piga hesabu

Ukishajua ni riba, maneno yaliyo kando yake yana uzito kuliko lenyewe. Tafuta “per month” au “per annum”, mara nyingi kwa kifupi p.m. na p.a. Asilimia 5 p.m. ni asilimia 60 kwa mwaka. Herufi moja tu imebadilika.

Kisha tafuta “flat” au “reducing balance”. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 10 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi.

Ukiandikwa “flat”, riba inapigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, hata ukishalipa nusu. Ni 50,000 mara 10, yaani 500,000. Rejesho lako ni 150,000 kila mwezi.

Ukiandikwa “reducing balance”, riba inapigwa kwenye salio. Unarejesha 100,000 za mkopo wenyewe kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 50,000, wa pili 45,000, wa tatu 40,000, inashuka hivyo mpaka mwezi wa kumi inakuwa 5,000. Jumlisha: 275,000.

Mkopo uleule, asilimia ileile, tofauti 225,000. Mama lishe wa Tandika anajua ni siku ngapi za kusimama jikoni kuipata hela hiyo. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, muulize afisa kwa Kiswahili, tena kwa sauti: “Samahani dada, riba hii inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalobaki?” Akijibu, mwombe akuandikie jumla ya marejesho yote kwa tarakimu, na aweke tarehe. Anayekopesha kwa haki hatakasirika.

Angalia pia “upfront”. Maana yake riba inakatwa juu kwa juu: umesaini 1,000,000, unapewa 900,000, na unadaiwa 1,000,000. “Compound interest” ni riba inayozaa riba; milioni moja kwa asilimia 10 kwa mwaka, isipoguswa miaka mitatu, inakuwa 1,331,000 badala ya 1,300,000. “Penalty interest” ni riba ya adhabu ukichelewesha rejesho, nayo huja juu ya ile ya kawaida. “Accrued interest” ni riba iliyokwisha kujilimbikiza lakini haijalipwa.

Mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, na ile ya kwenye simu, mara nyingi hailiandiki neno “interest” kabisa. Inaandika “service fee”, “processing fee”, “facilitation”. Usilitafute neno, tafuta tofauti kati ya hela uliyopokea na hela utakayorudisha. Tofauti hiyo ndiyo riba, iitwe vyovyote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni. Thibitisha leseni ya mkopeshaji kabla hujampa namba yako ya NIDA na ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako.

Kwa Mwislamu anayekwepa riba, jambo hugeuka. Kwenye mikataba ya benki zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza hapa Dar es Salaam 2011, utakuta “profit” au “mark-up”, kwa sababu benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida. Si suala la kubadilisha jina peke yake. Muundo wa muamala ni mwingine, nawe unatakiwa kuonyeshwa bidhaa, bei ya kununulia na bei ya kukuuzia.

Na riba si ya kulipa tu. Ukiweka fedha kwenye akaunti ya muda maalumu, “interest earned” ni riba yako wewe. Uliweka 2,000,000 kwa asilimia 8 kwa mwaka, riba ni 160,000. Serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba hiyo, 16,000, unabaki na 144,000. Usishtuke ukidhani benki imekuibia.

Katika habari utasikia “policy rate” au “Central Bank Rate”. Hiyo ni Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Siyo riba utakayotozwa wewe dirishani. Ni dira ya kuongoza riba baina ya mabenki, na yako huwa juu sana ya hapo.

Hatua ya tano: ikiwa ni ardhi, ndoa au mirathi, soma “haki”

Hapa naomba usiwe na haraka, kwa sababu hasara yake hairudi.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, katika Kiingereza chake inasema mume au mke mwenye “estate or interest” katika nyumba ya ndoa hataiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa hai. Kisha inaongeza kwamba huyo mwenzake naye anahesabiwa kuwa na “an interest” inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio. Mwanamke wa Mbagala asiye na jina kwenye hati, akisoma neno hilo kama riba au kama kupenda, atapita juu ya kifungu chenye kumlinda. Linasema ana haki. Na Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mtu anayedai “interest” katika ardhi iliyosajiliwa apeleke zuio kwa Msajili wa Hati.

Tangazo la mirathi nalo husema “any person having an interest in the estate”. Halimwiti mtu anayependezwa na mali ya marehemu. Linamwita mrithi, mke, mtoto, mdai, yeyote ambaye mgawo utamgusa, ajitokeze kabla msimamizi hajathibitishwa. “Interested party” vivyo hivyo: mhusika mwenye maslahi katika shauri.

Kwenye bima kuna “insurable interest”. Ni sharti kwamba kitu unachokikatia bima, kikiharibika, hasara ikuangukie wewe. Ndiyo maana huwezi kukatia bima gari la jirani yako ukingoje ligongwe.

Ukikwama hatua hii, peleka karatasi kwa wakili au kwa vituo vya msaada wa kisheria. TAWLA, WLAC na LHRC wapo hapa jijini na wamezoea kuwasomea watu vifungu kwa Kiswahili.

Hatua ya sita: kwenye vikao

“Conflict of interest” ni mgongano wa maslahi. “Declare your interest” maana yake tamka kwamba jambo linalojadiliwa linakugusa: zabuni ni ya shemeji yako, au kiwanja kinachonunuliwa ni cha kwenu. Hakuna aibu kuwa nayo, aibu ni kuificha. Ukiwa katibu wa saccos au kamati ya msikiti au ya kanisa, andika kwenye muhtasari nani alitamka na kama alitoka nje wakati wa kuamua.

Jozi moja inayochanganya hata wasomi: “disinterested” ni asiye na maslahi, asiyeegemea upande, sifa nzuri ya msuluhishi. “Uninterested” ni asiyejali. Ukimwandikia mzee wa baraza kwamba ni “uninterested”, umemtukana.

Hatua ya saba: kulitumia wewe mwenyewe

Litamke IN-trest, mkazo mwanzoni, silabi mbili zinatosha.

Usiseme “I am interesting in this job”. “Interested” ni wewe uliyevutiwa, “interesting” ni kitu chenye kuvutia. “I am interested in this position” inatosha. Wengine huandika “I wish to express my interest in”, nayo ni sawa, ila ina ugumu wa ofisini. Ukiomba zabuni za ushauri kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, “Expression of Interest” ni barua ya kuonyesha nia. Bado si bei wala mkataba, kwa hiyo usijaze humo gharama kama hukuombwa. Waonyeshe uzoefu na uwezo wako.

Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo sasa ni TATAKI pale Mlimani, inazipanga maana hizi kwa namba; Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed ni mahali pazuri pa kuisoma kama huna yako. Usichukue namba ya kwanza kwa sababu imetangulia.

Kwenye usaili ukiulizwa “What are your interests?”, hawaulizi riba wala maslahi, na si mahali pa kutaja mshahara unaoutaka. Taja mambo mawili unayoyafanya kweli na useme kidogo kuhusu kila moja. Anayefundisha watoto wa mtaani kwao kuogelea Coco Beach Jumapili aseme hivyo hivyo: “I teach children in my street to swim on Sundays.” Atakayefuatiwa na swali la pili ni huyo, si yule aliyejibu “reading and travelling”.